Nilivyopeleka Droni Ukweni

Wanaume wengine hupeleka ng'ombe ukweni. Mimi nilipeleka droni. Nalisema hili mapema ili anayetafuta habari za mtu mwenye busara aache kusoma hapa hapa, asije akanilaumu baadaye.

Wakati huo nilikuwa nafundisha fizikia katika sekondari moja mjini Tarime. Serikali ilinipangia huko kutoka Njombe, nikafika na sweta zangu na blanketi langu zito, nikapanga chumba na sebule Nkende kwa mama mmoja mjane aliyefuga kuku na kuanika ulezi uani. Shuleni nilijulikana kama mwalimu anayejua mambo ya umeme. Maana yake ni kwamba rimoti ya televisheni ya mkuu wa shule ikigoma, niliitwa mimi. Nilikuwa naipiga kofi mgongoni, inafanya kazi, na sifa zangu zinaenea.

Sifa hizo ndizo zilizomleta nesi mmoja wa zahanati ya jirani na mashine ya kupimia presha iliyokuwa imezimika. Niliifungua, nikaichungulia kwa uso wa mtu anayefanya upasuaji, kisha nikamweleza kwa kirefu habari za mkondo wa umeme, ukinzani na saketi, na mwisho nikamwambia tatizo ni betri. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza. Akasema alijua kuwa ni betri tangu asubuhi, ila maduka ya pale karibu yalikuwa hayana. Siku hiyo nilimpenda, na nina hakika hakunipenda siku hiyo.

Baadaye alinipenda, jambo ambalo mpaka leo sijui alilifikiriaje. Tulikubaliana tuoane. Kwao ni Nyambureti, upande wa Serengeti, ambako babu yake alihamia kutoka Tarime akiwa na ng'ombe wake akitafuta malisho. Nilikwenda kujitambulisha nikiwa na mshenga wangu, mwalimu wa taaluma pale shuleni, mtu mzima wa Kigoma, mpole, mwenye kofia safi ya kufuma na sauti ya kubembeleza watoto wagonjwa. Tulipokewa vizuri, tukalishwa vizuri. Kisha baba yake akaniuliza ng'ombe wangu wanalala wapi.

Nikamwambia kwamba mimi nina mshahara. Mzee akatikisa kichwa kwa upole, akauliza mshahara unakamuliwa saa ngapi. Wazee waliokuwepo walicheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali. Nilicheka nao, kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu. Mwisho mzee akasema hanifukuzi, ila nirudi nikiwa na kitu kinachoonekana kwa macho, siyo namba zinazokaa kwenye simu.

Mchumba wangu hakuzunguka tulipokutana tena Tarime. Aliniambia baba yake mdogo anataka aolewe na mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe wa Sirari, na mtu huyo ameshaanza kupeleka salamu. Kisha akasema maneno ambayo niliyabeba kifuani kwa muda mrefu.

"Nisikilize, mwalimu. Baba akikataa mara ya pili, mimi sitatoroka. Kwetu binti akitoroka, lawama zote anabeba mama. Siwezi kumfanyia mama hivyo."

Kwa hiyo nilikuwa na nafasi moja iliyobaki, na mtu mwenye akili angeanza kutafuta ndama. Mimi nikaanza kutafuta mota nne.

Lakini haikuwa wazimu mtupu. Mzee alikuwa ana tatizo. Shamba lake la mahindi ni kubwa, limeuzunguka mji wake wote, yaani nyumba, ghala na zizi, na kushuka hadi karibu na mto, na kila msimu kipande cha chini kilikuwa kinadumaa na kuwa cha njano huku cha juu kikistawi. Wengine walisema ni udongo, wengine wadudu, na yupo aliyesema ni jicho la jirani. Ukisimama katikati ya mahindi huoni kitu zaidi ya mahindi. Siku ile ya kwanza, nikiwa nimeshachekwa na sina cha kupoteza, nilimwambia mzee kwamba naweza kulipiga picha shamba lake lote kutoka angani na kumwonyesha ugonjwa unaanzia wapi. Akaniuliza kama nina ndege. Nikajibu kwamba naitengeneza. Hiyo haikuwa kweli, lakini nilipofika stendi ya Tarime jioni ile ilikuwa imeshakuwa deni.

Vifaa vilikuja kimoja kimoja kwa basi kupitia Sirari mpakani, vimefungwa kwenye magazeti kama samaki. Mikono ya droni niliichonga kwa bomba jepesi la alumini lililotoka kwenye antena ya zamani. Ubongo wake ulikuwa kibao kidogo chenye ukubwa wa kiberiti, ambacho hupokea mawasiliano ya satelaiti, husoma dira, na kuziambia mota zizunguke kwa kasi gani. Nilichokitaka siyo kuirusha kwa rimoti kama mtoto na mdoli wake. Nilitaka niichoree mistari kwenye kompyuta, nibonyeze mara moja, iende yenyewe, ipige picha yenyewe, irudi yenyewe, na mimi nisimame pembeni nimekunja mikono kifuani. Nikiri kwamba hiyo mikono kifuani ndiyo niliyoifikiria zaidi kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa nimeshaiona picha hiyo kichwani, mzee kando yangu, anga juu yetu, na koti langu likipepea kidogo.

Mara ya kwanza nilipoiwasha kwenye uwanja wa shule, droni ilijipindua palepale na kuanza kufyeka nyasi. Nilikuwa nimeyafunga kinyume mapanga yake yanayozunguka kama ya feni, hivyo badala ya kupanda ilikuwa inajisukuma ardhini kwa nguvu zake zote. Mlinzi wa shule alisema kama mashine ni ya kufyeka basi inafaa, ila itazame na upande wa vyooni.

Kisha ikaja shida ya dira. Ili dira ijue kaskazini iko wapi, inabidi uishike droni mikononi na kuizungusha pande zote, kichwa juu, kichwa chini, ubavu, huku na wewe mwenyewe ukizunguka. Nililifanya zoezi hilo asubuhi moja katikati ya uwanja nikiwa na tai. Kidato cha pili wote walitoka darasani kutazama. Mwenye nyumba wangu, aliyekuwa anapita kwenda sokoni Nyamisangura, alisimama akaniangalia mpaka nikamaliza. Jioni akaniletea uji na kuniuliza taratibu kama nyumbani Njombe kuna mtu anayeweza kuja kunichukua.

Uji huo niliulipa vibaya. Droni hizi huwa na kumbukumbu ya nyumbani, yaani mahali zilipoanza kupata satelaiti, na zikipatwa na tatizo hujirudisha pale. Siku moja niliiwasha uani kwangu ili kuijaribu, nikasahau kuizima, nikaipeleka uwanjani ikiwa macho. Betri ilipopungua ikiwa juu ya uwanja, iligeuka kwa adabu zote, ikavuka barabara, na kurudi nyumbani kutua pale pale ilipozinduka, katikati ya ulezi wa mama mwenye nyumba uliokuwa umeanikwa kwenye turubai. Upepo wa mapanga manne uliupeleka ulezi ule mpaka kwa jirani wa pili. Kuku walikimbilia chini ya gari la jirani wakidhani ni mwewe. Nilitumia mapumziko yangu ya wikiendi nimepiga magoti na ungo, nikiokota punje za ulezi kwenye majani, huku mama akiwaeleza wapita njia kwamba huyu ni mwalimu wa sayansi.

Hata hivyo ilifika siku droni ikapaa, ikanyooka, ikafuata mistari niliyoichora, ikageuka kwenye kona zake na kurudi kutua miguuni pangu. Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia. Sina aibu kulisema. Nilikuwa nimeshasahau kwamba kitu ninachokitengeneza kinaweza kufanya kazi. Nilitafuta vibali vyote vinavyotakiwa, nikaviweka kwenye mfuko wa nailoni, nikaenda navyo kwa mtendaji wa kijiji, naye akavisoma mara mbili na kuuliza kama droni nayo itahitaji kuandikishwa kwenye daftari la wageni.

Hapa lazima nieleze jambo la kwao, maana bila hilo huwezi kuelewa nilivyojipalia makaa.

Kwao, mtu akishatangaza nia ya kuoa, kati yake na mama mkwe kunaingia soni. Hamwangaliani. Hamkai pamoja, hamli pamoja, hampeani mikono. Nikifika pale, mama alikuwa anazunguka nyuma ya nyumba akiwa amejifunika kanga, na mimi nilikuwa naangalia chini mpaka niambiwe njia ni nyeupe. Salamu zake zilikuja kwa mdomo wa wengine. Sikuwahi kuusikia hata mlio wa sauti yake, achilia mbali kuuona uso. Mchumba wangu alinifundisha yote hayo kwa makini, akanionya kwamba wageni wengi wa mikoani hukosea hapo. Nilimhakikishia kwamba mimi sitakosea. Nilikuwa na bidii ya mwanafunzi anayekaa dawati la mbele.

Siku ya kurusha, nilifika Nyambureti asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mchumba wangu alikuwa zamu Tarime. Kule kijijini ilikuwa imeshavuma kwamba mwalimu anakuja na mashine ya kuhesabia ng'ombe, na hakuna anayependa ng'ombe wake wahesabiwe na mtu, sembuse mashine. Kwa hiyo tangu alfajiri karibu watu wote wa mji ule, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wameswaga mifugo kuipeleka mtoni chini ya miti. Zizi lilikuwa tupu. Mji mzima ulikuwa kimya. Mzee peke yake ndiye niliyemkuta akinisubiri, akanisalimia, nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba huku akilitazama sanduku langu.

Tulisimama pembeni mwa shamba. Nikakumbuka soni. Ili nisije nikatupa jicho upande wa nyumba ya mama, niligeuka kabisa, nikauelekezea mji mgongo. Mzee aliona, na nadhani alipendezwa, maana alikohoa kikohozi cha kuridhika. Nikabonyeza. Droni ikapanda. Nilikuwa nimeishushia kimo ili majani ya mahindi yaonekane vizuri, na mpaka niliouchora kwenye kompyuta ulizunguka shamba lote bila kuacha kitu katikati. Nikakunja mikono kifuani. Koti halikupepea, lakini mengine yote yalikuwa kama nilivyoyaota.

Ilipita juu ya mahindi, ikaenda, ikarudi, ikaenda. Nyuma yangu niliisikia ikivuma juu ya mji, ikipiga picha moja baada ya nyingine, na mimi nimesimama imara nimeupa mji mgongo, nikijisifu moyoni kwa adabu yangu.

Picha zile zilikuwa nyingi, zinapandana kama mabati ya paa, na kompyuta yangu ilizishona kuwa picha moja kubwa ya shamba zima. Nilikaa nazo wiki nzima. Niliutafuta unjano kwa namna zote, nikabadilisha rangi, nikapima miteremko, na hatimaye nikaona. Kulikuwa na mkanda mpana ulioanzia ilipokuwa njia ya zamani ya ng'ombe, ukashuka mpaka chini. Ardhi imekanyagwa miaka mingi ikawa ngumu, mvua ikinyesha maji yanasimama juu yake, na mahindi yanazama miguu. Nilifurahi sana. Nilijua nimempata mzee.

Nikaona picha hiyo haifai kuonyeshwa kwenye kompyuta. Inafaa ionekane. Nikaenda Nyamisangura kwa kijana mmoja mchapaji anayetengeneza mabango ya harusi na misiba, nikamwambia anichapie kwenye turubai, kubwa kuliko meza ya chakula. Aliitazama picha, akauliza jina la marehemu liandikwe juu au chini. Nikamweleza ni shamba. Akanipa pole hata hivyo. Alipomaliza alilitundika nje ya duka likauke, upande wa barabara, na mimi nikasimama kando yake mchana kutwa nikiwaeleza wapita njia habari za picha za anga.

Siku ya kikao, tulikwenda na mshenga. Wazee walikuwa wamekaa mbele ya nyumba ya mzee, na baba mdogo wa mchumba wangu alikuwepo, mtu mrefu mwenye fimbo, ambaye hakuficha kwamba amekuja kusikia nikikataliwa. Nyumba ya mama ilikuwa pembeni, mlango umerudishwa. Mchumba wangu alikuwa ndani humo na mama yake. Nilikaa nikiwa nimeigeuzia mgongo, kama kawaida yangu.

Mshenga alizungumza vizuri. Kisha nikalikunjua bango chini, na kwa muda mfupi nikawa mtu mkubwa. Wazee wote waliinama. Wakaanza kuonyeshana miti, mipaka, njia ya kisimani. Mmoja aliona paa lake upande wa pili wa mto na kugundua kwamba bati moja limelegea. Walifurahi zaidi kuona zizi likiwa tupu, na mzee akasema kwa kujidai kwamba sasa serikali itajua yeye ni maskini. Hata baba mdogo alichuchumaa. Akaanza kufuata picha kwa ncha ya fimbo, akitaja kila kitu kwa sauti. Hapa zizi. Hapa ghala. Hapa jiko. Hapa banda la mbuzi. Hapa...

Fimbo ilibaki pale pale. Wazee wakainua macho mmoja mmoja kutoka kwenye bango, na kila mmoja akatafuta mahali pengine pa kutazama.

Nikainama kuona. Fimbo ilikuwa kwenye bafu la matete, nyuma ya jiko. Halina paa, mabafu ya huko hayana paa, kwani nani atachungulia kutoka mbinguni? Juu ya ukuta wa matete ilikuwa imetundikwa kanga ya njano. Ndani kulikuwa na beseni la bluu, na kando ya beseni kichwa na mabega. Kichwa kilikuwa kimeinuka. Alikuwa amesikia mvumo, akatazama juu, moja kwa moja kwenye kamera yangu. Alikuwa mama mkwe mwenyewe; mama wa watu aliona mji umebaki kimya kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, ng'ombe wako mtoni, watu wako mtoni, mkwe mtarajiwa amegeuza mgongo kwa heshima, akasema angalau leo nioge kwa utulivu.

Wiki nzima nilikuwa nimeikodolea macho picha ile. Nilikuwa nimehesabu mashina ya mahindi. Sikuliona beseni.

Mshenga wangu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alivua kofia yake akaitazama ndani. Baba mdogo akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani mwingine ameiona picha hiyo. Nilifikiria kudanganya. Kisha nikaukumbuka mchana ule Nyamisangura, bango likipepea barabarani na mimi kando yake nikiita watu. Nikajibu kwamba watu wengi kidogo wa mjini Tarime wameiona.

Hapo baba mdogo aliongea kwa Kikurya kwa muda, na sikuhitaji mkalimani. Baadaye akageukia Kiswahili ili mimi na mshenga tusikie. Alisema jambo hili lina njia mbili tu. Kama mimi ni mgeni, basi nimemchungulia mama wa watu akiwa bafuni, twende kwa mtendaji, na hilo dude lipondwe hapa hapa. Mkwe akivunja soni, hiyo ni habari nyingine, kuna utaratibu wake tangu zamani, analeta mbuzi, mambo yanasafishwa, yanakwisha. Lakini mkwe ni nani? Nani hapa amesema huyu ni mkwe? Akamtazama kaka yake. Wazee wote wakamtazama mzee.

Mzee hakusema kitu. Alikuwa anaangalia mikono yake. Nilielewa kwamba akinyamaza hivyo mpaka mwisho, jibu ni lile la kwanza, na nilimsikia mchumba wangu mle ndani akivuta pumzi kama mtu anayejizuia kulia. Sikuweza kugeuka. Nilitaka kuomba radhi, lakini sikujua naomba kwa nani, kwa kuwa niliyemkosea ndiye mtu pekee nisiyeruhusiwa kumwambia neno. Sijawahi kujiona mpumbavu kiasi kile, na mimi nina uzoefu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma yangu, kwenye ule mlango uliorudishwa. Ilikuwa sauti nzito ya mwanamke mtu mzima. Mchumba wangu alikuwa ameniambia kwamba mama yake Kiswahili hukitumia sokoni na zahanati tu, na nyumbani hakigusi. Siku hiyo alikitumia, polepole, ili kila neno linifikie.

"Mwambieni mkwe wangu alete mbuzi."

Baba mdogo aliishusha fimbo yake. Kwa utaratibu wao, mwenye kukosewa ndiye mwenye kusema amekosewa na nani, na mama alikuwa ameshasema. Akaongeza kwamba hiyo picha iletwe ndani kwanza.

Mzee mmoja alilikunja bango akalipeleka mlangoni, mkono ukatoka ukalipokea. Tulikaa. Tukasikia mkasi ukikata turubai, taratibu, bila haraka. Mshenga akairudisha kofia yake kichwani. Mimi niliangalia mchanga, na kwa mara ya kwanza tangu nifike mkoa wa Mara niliangalia chini bila kufundishwa na mtu.

Bango lilirudi likiwa na tundu la mraba katikati, nyuma ya jiko. Vingine vyote vilikuwepo, zizi, ghala, mahindi, mto. Mzee alilipokea mwenyewe, akalitandika tena chini, akalinyoosha kona kwa viganja vyake. Kisha akasogea kwenye benchi lake, akaacha nafasi, akaigonga kwa mkono.

"Haya, mkwe," alisema. "Kaa hapa. Mahindi yangu yana nini?"

Jibu nilikuwa nalo, nimelifanyia mazoezi wiki nzima, na vielelezo vyake. Nilikaa kando yake, nikanyoosha kidole kwenye ile njia ya ng'ombe ya zamani, na kati ya hayo yote nikasema maneno matatu tu: "Ni ng'ombe, baba." Mzee akainama kuangalia.